Nusu Athari

Kwetu, nyuma ya milima ya Ibra, maji hupimwa kwa athari:
nusu saa ya mfereji, basi.
Zamani walipima kwa kivuli cha kijiti,
siku hizi kwa simu ya Hamduni, msimamizi wa falaji.
Katika Kiswahili cha bibi yangu
neno hilo lina maana nyingine,
nami nimekulia katikati ya hizo mbili.

Aliyeacha wakfu hatumjui hata sura.
Daftari linasema tu: nusu athari, kila mnada,
ya mwanafunzi wa mji huu,
asomee popote, mpaka maji yakatike.
Hakuandika "mvulana".
Wapo waliolitafuta neno hilo kwa miwani
mwaka uliponifikia.

Alama mbili zilininyima nafasi ya serikali.
Mbili! Mama alizitaja jikoni
kama majina ya watu waliomdhulumu.
Baba akazima televisheni, akaiwasha, akaizima.
Baada ya isha akaja Hamduni na bahasha ya rangi ya chai.
Hakuketi.
"Wa mwaka huu ni Shinuna. Asaini hapa. Na hapa.
Asisahau tarehe."

Nikaenda Sohari kusomea damu:
darubini, vichupa, chumba cha wasichana wanne
na feni moja yenye upendeleo.
Kila mwezi riali sitini na nne,
na kila riali nilijua ilikotoka,
hii ndimu za Bi Ghaniya, hii majani ya mbuzi wa Zahrani.
Nikisinzia darasani niliota mtu ananitazama
ameshika jembe.
Nilinunua viatu vyekundu mara moja.
Kesho yake nikavirudisha.

Mwaka wa tatu mvua ilitusahau.
Falaji ikawa uzi.
Mnadani, chini ya bati, kando ya msikiti,
maji yangu ya riali kumi na sita
yakaitiwa tatu.
Haya nilisimuliwa; sikuwapo.
Dalali aliita mara ya pili, wenye mitende wakakagua kucha zao,
ndipo Sasidharan wa duka la vipuri, mtu wa Kerala,
asiye na mtende, asiye na hata kopo la nanaa,
akainua mkono wenye grisi.
"Kumi na tano."
Wakageuka wote.
"Binti yangu anasoma Kochi," akasema.
"Huko sijui nani anainua mkono."

Alinunua hivyo wiki saba.
Maji hakujua ayapeleke wapi,
Hamduni akayaelekeza kwenye ndimu za Bi Ghaniya,
yule yule aliyekagua kucha.
Hakusema neno.
Ila asubuhi moja mlango wa duka ulikutwa na mfuko wa ndimu,
na zilikuwa zile nzuri, si za kupeleka sokoni.

Sasa nina koti jeupe, hospitali ya Ibra.
Nyosha mkono, nawaambia, kunja ngumi.
Mikono hii naijua.
Hamduni hufumba macho kabla sijafungua sindano.
Sasidharan nimemwambia sukari imepanda;
amenijibu kwamba bei za betri nazo zimepanda.

Mshahara wa kwanza nilikwenda nao mnadani.
Dalali alisita kidogo.
"Una shamba?"
"Sina."
Akaandika jina.
Wa mwaka huu ni Mundhiri, anayekwenda kusomea injini za ndege.
Simpendi sana; alikuwa akiwapiga paka mawe.
Wakfu haukuuliza habari za paka.

Alfajiri nikasimama ukingoni, viatu mkononi
(vyekundu, ndiyo),
maji yakinipita miguuni kwenda kwa mtu mwingine,
baridi, bila haraka, na jani moja juu yake.
Sikuwaza jambo lolote kubwa.
Simu ya Hamduni ikalia.
Akaziba mfereji kwa tambara na jiwe.